Andika sifuri: kwa anayeanza utafiti wa kombe na chaza

Kuna mwanafunzi wa shahada ya pili ameniuliza aanzie wapi. Amekubaliwa kufanya utafiti wa kombe, yule mnyama wa baharini mwenye ganda la pande mbili, na pwani hajawahi kwenda ila kuogelea. Nilimjibu kwa ujumbe mrefu wa simu, kisha nikaona niuweke hapa, maana wanaouliza swali hilo ni wengi.

Anza na mwezi wa mbinguni. Ratiba yako isifuate Jumatatu na Ijumaa, ifuate bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Huku Unguja, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Una saa mbili hivi za kazi, basi. Ukienda siku za maji mafu, ambazo maji hayapwi sana, utasimama ukiyatazama majani ya bahari yakiwa bado yamefunikwa, na nauli umeshalipa.

Sasa kosa langu, ambalo ndilo hasa nataka ulikwepe. Nilifanya kazi upande wa Fumba, katika Ghuba ya Menai. Nilikuwa na fremu ya mabomba ya plastiki, nusu mita kila upande, na daftari. Kombe hazami sana. Hukaa juu juu kwenye mchanga wenye tope, katikati ya majani, ganda lake lina migongo kama bati la kuezekea. Nilipomwona mmoja nilitua fremu pale pale, nikahesabu waliomo, nikapima urefu wao kwa kalipa (kifaa cha kupimia chenye taya mbili), nikasogea hadi nilipomwona mwingine. Miezi mitatu nilifanya hivyo. Nilipopeleka jedwali, msimamizi wangu alilipitia kimya, kisha akauliza, "Mbona humu hamna sifuri hata moja?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima macho yangu, si pwani. Ile kazi yote ikawekwa kando.

Kwa hiyo vuta kamba kutoka ufukweni hadi maji yanapoishia, na kila baada ya mita 10 weka fremu, iwe umeona kitu au hukuona. Pasipo na kombe andika 0. Utaona uvivu, hasa jua likishapanda na fremu saba mfululizo ni mchanga mtupu. Andika tu. Na andika kwa penseli: wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti ya kuhifadhia sampuli, na lebo iliyofutika ni sampuli iliyopotea.

Maana ya zile sifuri alinifundisha bibi mmoja tuliyekuwa tukienda naye pwani. Yeye kombe humtafuta kwa kisigino. Anakanyaga, anatulia kidogo, anainama, anamtoa. Siku moja alinikuta navuta kamba mahali peupe akasimama. "Hapa, mwanangu, tukijaza pakacha kabla maji hayajarudi. Sasa tunapita tu." Wanaookota hawasimami pale tena, na mimi kwa njia yangu ya kwanza nisingesimama pia. Katika jedwali langu la mwanzo mahali pale hapakuwapo duniani.

Ndiyo maana hata kazi nzuri iliyofanyika huku inahitaji hesabu ya namna hii. Wanawake wa Fumba na Bweleo, wakisaidiana na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, walitenga sehemu za pwani zisizookotwa ili kombe na chaza wakubwa wabaki na kuzaa. Huwezi kumwambia mtu kwamba sehemu iliyofungwa imepona kama hukuandika ilivyokuwa tupu.

Jambo jingine ni umri. Huenda umesikia habari ya yule kombe wa Iceland aliyetolewa baharini mwaka 2006, ambaye mistari ya ganda lake ilionyesha ameishi miaka 507. Ni kweli, lakini bahari ile ina majira makali ya baridi yanayoacha alama kila mwaka. Kombe wetu anaweza kuweka mstari kwa kuzaa, kwa joto, au kwa mvua za masika zilizopunguza chumvi. Usihesabu mistari ukaiita miaka. Bandika namba ndogo ya plastiki juu ya ganda kwa gundi kali, mrudishe palepale, mpime tena bamvua ijayo, na ijayo. Wengine hutawaona tena. Hao nao waandike.

Utakapolazimika kumfungua mmoja kuchunguza uzazi, usishtuke: kombe ana damu nyekundu kwa sababu ina hemoglobini, ile kemikali nyekundu ya damu, kama yetu, tofauti na chaza ambaye maji yake hayana rangi. Fungua wachache unaowahitaji kweli. Kila mmoja ni kitoweo cha mtu.

Na majibu yarudishe kijijini kabla hujayapeleka kwenye mkutano wowote. Mimi nilichora ramani ya pwani kwenye karatasi ya manila, duara kubwa penye kombe wengi, duara dogo penye wachache, na penye sifuri nikaacha wazi. Bibi aliweka kidole kwenye ile nafasi nyeupe, akamwita mjukuu wake aje aione.