Dada, Hivi Dini Inakosolewa?

Mwezi huu meseji na barua zenu nyingi zimeangukia sehemu moja, nimechagua tatu nizijibu kwa kirefu. Zile za ndoa na mikopo naomba mnivumilie mpaka toleo lijalo.

Dada habari za kazi. Mimi mwanachuo, nimepanga Ng'ong'ona hapa Dodoma kwa mama yangu mdogo. Juzi kati kulikuwa na mkutano wa injili hapo karibu, mhubiri akawa anauza maji ya upako chupa elfu tano, akasema mwenye presha na sukari akinywa aache dawa. Mi nikanyoosha mkono nikauliza kama kuna aliyepona na ana vipimo vya hospitali. Dada nilizomewa, nikaambiwa nina pepo la kupinga watumishi, kidogo nipigwe. Sasa mama mdogo haongei na mimi, anasema nimeitukana dini. Hivi kweli dini inaruhusiwa kukosolewa au nilivuka mpaka?

Mdogo wangu, hujavuka mpaka wowote. Umemuuliza mtu swali kuhusu kitu anachokiuza hadharani kwa hela, tena kitu kinachogusa uhai wa watu, na angekuwa muuza dawa pale sokoni Majengo wote wangeshangaa kama usingeuliza. Hilo kwangu halina mjadala, mtu akishasema hadharani acheni dawa za sukari basi swali limeshakuwa la lazima, haijalishi ameshika Biblia au ameshika nini.

Na hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa inaelekea Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kilichoaminika kuponya kila ugonjwa, magari foleni kilomita na kilomita, wapo wagonjwa waliotolewa wodini wakafia njiani kabla hawajakifikia hicho kikombe, na aliyethubutu kuhoji wakati ule alionekana hana utu. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. Alafu 2023 hapo jirani Kenya, kwenye msitu wa Shakahola, ikaja kugundulika watu walifunga kula mpaka kufa wakiamini wanaenda kukutana na Yesu, miili iliyofukuliwa ikapita 400, na ndani yake watoto wengi ambao hata hawakujua wanafungia nini. Mimi nikiyawaza haya huwa najiuliza ni wangapi waliokuwa na swali kama lako mdomoni wakalimeza kwa kuogopa kuitwa wana pepo.

Sasa kisheria. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 18 inatoa uhuru wa maoni na ibara ya 19 uhuru wa imani, watu wengi wanaijua hivohivo juu juu, ila kwenye ile ya 19 kuna kipande nataka ukisome taratibu, kinasema uhuru huo ni pamoja na uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake. Haya niambie, mtu atabadilishaje dini kama haruhusiwi kusikia ubaya wa ile aliyonayo wala kuipima na nyingine? Kila aliyeokoka na kila aliyesilimu hapa Dodoma kuna siku alikaa akaikosoa imani aliyolelewa nayo, hata kama ni kimoyomoyo. Na ibara hiyohiyo imeruhusu kueneza dini, na kueneza dini ni kumwambia mwenzako kwamba alipo amepotea, hiyo nayo ni kukosoa, tena kukosoa kukubwa kuliko swali lako la vipimo. Kwahiyo mhubiri anayekuja uwanjani na maspika manne kuwaambia majirani imani zao hazifai hawezi kugeuka akasema ya kwake isiguswe, ule uhuru uliomfikisha pale uwanjani ndo huohuo uliokupa wewe mkono wa kunyoosha.

Mama mdogo usibishane nae kwa katiba, itakuwa ugomvi. Mkae, mfungue waraka wa kwanza wa Petro 3:15, pale waumini wanaambiwa wawe tayari siku zote kumjibu kila anayewauliza habari za tumaini lao, tena kwa upole. Mwambie ulichouliza wewe ndo hicho, na aliyepaswa kujibu hakujibu. Mimi mwenyewe naabudu kila Jumapili na naipenda imani yangu, sijawahi kuona swali la kweli likiipunguzia kitu. Na umuombe sana, kama na yeye anatumia dawa za presha, asiache.

Assalaam alaykum dada. Mimi ni mama wa Kondoa. Kuna kijana anakuja siku ya mnada na spika, anamsema Mtume wetu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Naumia mpaka silali. Watu wanasema ndo uhuru, nchi za Ulaya kila mtu anasema anachotaka. Ndo tunataka kufika huko? Kwanini serikali isitunge sheria kali wafungwe miaka mingi?

Waalaykum salaam mama yangu, na pole, pole ya kweli. Kuna watu wakisikia mtu kaumia kwa sababu ya dini wanamwambia acha udhaifu, mimi sio mmoja wao. Mtu anayemsema vibaya unaempenda kuliko wazazi wako kakuumiza, basi, hilo halihitaji ushahidi.

Sheria mama ipo tayari. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 129, anayetamka neno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu yeyote anaweza kufungwa mwaka mmoja. Wewe unataka iongezwe makali, na hapo ndo naomba unisikilize maana mimi naogopa unachokiomba.

Unakumbuka Mwembechai, ule msikiti wa Dar es Salaam, Februari 1998? Kabla ya zile risasi kulikuwa na mihadhara, wahadhiri wa Kiislamu wanasimama na Biblia mkononi wanasema Yesu ni nabii sio Mungu. Kwa Muislamu hiyo ni imani yake ya kawaida kabisa, ila kwa Wakristo waliokuwa wanasikiliza ilikuwa kashfa, wakalalamika serikalini kwamba tumeumizwa, na waliokamatwa ni wahadhiri. Yakafuata maandamano, polisi, watu wakauawa. Yaani mama sheria unayoitaka imkamate huyo kijana wa mnadani ilishawahi kukamata watu wako, kwa kusema tu kile wanachokiamini. Ukisema kipimo ni nani kaumia, kesho Mkristo nae ataumia kwa kusikia Yesu hakusulubiwa, na wote wawili mnasema kweli mmeumia, sasa hakimu atamfunga nani?

Angalia Pakistan ambako sheria za kukufuru ni kali mpaka kunyongwa. Mama mmoja Mkristo, Asia Bibi, mwaka 2009 waligombana na wenzake shambani, ugomvi umeanzia kwenye maji ya kunywa tu, wakasema kamkashifu Mtume, 2010 akahukumiwa kifo, akakaa jela mpaka Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ikamwachia kwa kukosa ushahidi. Gavana wa Punjab aliyemtetea, Salman Taseer, nae Muislamu, aliuawa Januari 2011 na mlinzi wake mwenyewe. Hata hao Ulaya unaowasema hawajamaliza mjadala, Uingereza walifuta kosa la kukufuru 2008, Ireland wananchi walipiga kura ya kuliondoa 2018, Denmark walilifuta 2017 alafu mwisho wa 2023 wakarudi kutunga sheria ya kuzuia kuchoma Quran na vitabu vingine vitakatifu hadharani. Kwahiyo sikwambii tufike kwao, hata wao bado wanatafuta.

Mpaka wangu mimi ni huu, kijana akisema Uislamu ni uongo mwache aseme, ajibiwe kwa hoja na kuna masheikh wazuri wa kumjibu. Akisema msikiti uchomwe, au Waislamu wapigwe, au akakutishia wewe, hapo nenda polisi siku hiyohiyo, huko kushaacha kuwa imani. Na ikifika hasira imepanda ikumbuke Mbagala kule Dar es Salaam, Oktoba 2012, jambo lilianzia kwa watoto wawili waliobishana mpaka mmoja akaidhalilisha Quran, likaishia makanisa yameharibiwa na kuchomwa, mali za watu ambao hata hawakuwepo. Kosa la mtoto lilishasahaulika, makanisa ndo bado yanakumbukwa.

Spika nalo usiliache. Kelele ni suala lingine kabisa na maneno, NEMC, wale wasimamizi wa mazingira, wana kanuni za kelele tangu 2015 na hazijali kinachosemwa ni injili, adhana au bongofleva, mpelekeni kwa mtendaji mkiwa majirani kadhaa. Na Suratul An'am aya ya 108 unaijua kuliko mimi, Waislamu wanakatazwa kutukana wanavyoviabudu wengine wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu. Wasomee vijana wa hapo mtaani kabla hawajaenda kulipiza.

Mwanangu, mimi ni mzee wa Mvumi. Sijabatizwa, natambika kama baba na babu. Kila mkutano wa injili sisi ndo mashetani, na mjukuu wangu siku hizi hataki kula kwangu, kaambiwa chakula changu kina mapepo. Mbona sisi tukisemwa hakuna anayesema ni kashfa ya dini?

Shikamoo babu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja na kwakweli umetukamata wote, Wakristo na Waislamu.

Sisi tunabishana kama dini ikosolewe au isikosolewe, kumbe kuna imani tunaikosoa kila wiki kwa spika bila kuomba ruhusa ya mtu, ni hiyo yako. Tunaita ushirikina na tunalala usingizi. Pale Kolo, Kondoa, kwenye ile michoro ya mapangoni iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2006, watu mpaka leo wanaenda kutambika na kuombea mvua, mgeni wa Ulaya analipa kiingilio kwenda kuona, alafu sisi tunamwambia anayetambika pale kwamba ni wakala wa shetani. Kifungu cha 129 nilichomtajia mama wa Kondoa kinasema mtu yeyote, kwahiyo na wewe babu umo, ila hakuna anayekukumbuka kwa sababu huna baraza wala msemaji.

Ila sitaki wewe pia uende kushtaki mhubiri. Nataka uwe na haki ya kumjibu, maana akishaliita tambiko lako la kishetani amekubali na ya kwake yaulizwe. Na wewe nae utaulizwa, babu, nisikufiche. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya wenzetu wenye ualbino, na vikongwe wengi wameuawa kwa ramli chonganishi, na hao wapiga ramli nao walikuwa wanajificha nyuma ya mila. Tambiko la mvua sio ramli ya kuua, najua, lakini jirani yako Mkristo hajui na hajawahi kuelezwa, na akikuuliza tofauti yake usione kama kakudharau.

Mjukuu aachiwe dini yake. Chakula lakini ni heshima ya mzee, hilo liongelee na wazazi wake sio na yeye, mtoto anarudia alichosikia. Alafu mwite huyo mchungaji wa hapo kijijini, mchana, bila spika, akae uani kwako umuulize amejuaje kama ugali wako una mapepo.

Na kama utakuwa tayari kueleza hilo tambiko linafanyikaje na kwanini, niandikie tena, nitalitoa hapa lote bila kukata, na wachungaji na masheikh watakaotaka kukujibu nitawapa nafasi ileile.