Kumsindikiza mdogo wako leba: kazi ya mikono, si ya mdomo

Msomaji wa Tandahimba anauliza: mdogo wake ana mimba ya kwanza, amemwomba awe naye leba, naye haoni atafanya nini zaidi ya kushika kanga. Kazi ipo, dada, tena ya kutoa jasho.

Kwanza ulizeni kliniki mapema kama kituo kinaruhusu msindikizaji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe, lakini wodi isiyo na mapazia inaweza kukuacha getini. Mijini kuna wanaolipwa kwa kazi hii, wanaitwa dula. Kwetu Kusini hata somo wake, yule aliyemfunda unyagoni, anaifaa, ila dawa za kienyeji za kuongeza uchungu aziache nyumbani. Zinabana kizazi bila kipimo: mtoto hukosa hewa, na kizazi huweza kupasuka.

Hesabu uchungu kwa saa ya simu. Ukija mara 3 ndani ya dakika 10, kila mmoja sekunde 40 hivi, umekolea. Anayekaa mbali na hospitali asingoje ufike hapo. Na akivuja damu, akiumwa kichwa huku macho yana ukungu, au chupa ya uzazi ikipasuka maji yakawa ya kijani, hakuna kuhesabu tena, ondokeni.

Sasa kiuno, maana hapo ndipo wengi hubahatisha. Kisogo cha mtoto kikielekea mgongoni kwa mama, maumivu mengi huweza kuhamia kiunoni. Mwinamishe aegemee kitanda. Paka mafuta ya nazi kidogo, weka sehemu ya chini ya kiganja kwenye mfupa bapa juu kidogo ya mfereji wa makalio, nyoosha mkono, kisha mwegemee kwa uzito wa mwili tangu uchungu unapoanza hadi unapoachia. Ukitumia misuli peke yake utachoka mapema. Kusugua juujuu humkera tu, na kukandamiza uti wa mgongo kunaumiza. Akisema "chini kidogo", shusha. Yeye ndiye anayejua.

Uchungu ukiachia, mpe maji mafundo mawili matatu, au uji mwepesi kama mkunga hajakataza. Mkumbushe kukojoa kila baada ya saa 2, kwani kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka. Atembee, apige magoti. Akitaka kulala, alale ubavu wa kushoto, si chali.

Tutalirudia hili hadi lieleweke: neno "sukuma" si lako. Njia isipofunguka sentimita 10, kusukuma kunavimbisha mlango wa kizazi na kummaliza nguvu. Tumbo nalo usilikandamize, hata shangazi akikuhimiza kwa simu.

Mtoto akitoka, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Ndugu wote watamtazama yeye. Wewe tazama pedi. Ikilowa chapachapa ndani ya dakika chache, mwite nesi hapo hapo, picha za mtoto zitapigwa baadaye.