Bangi, polisi na rufaa: mnauliza, najibu

Mwanangu wakili, kijana wangu kafungwa kwa bangi iliyodaiwa kukutwa chumbani kwake. Hati ya ukamataji wamesaini polisi watupu, mwenyekiti wa mtaa hakuitwa. Rufaa itasimama? (Mama, Ujiji)

Shikamoo mama, na pole. Kukosekana kwa shahidi huru, yaani asiye polisi, ni hoja, iandikeni, ila msiitegemee peke yake. Chukueni mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, muifuatilie ile bangi: nani aliikamata, akamkabidhi nani, ikalala wapi, nani aliipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ikarudije mahakamani. Katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Na. 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilitaka safari hiyo iwe na kumbukumbu mwanzo hadi mwisho. Baadaye imelegeza kidogo: karatasi ikikosekana, ushahidi wa mdomo ulionyooka waweza kutosha. Kwa hiyo tafuteni mashahidi wanapogongana. Askari akisema alikabidhi misokoto usiku ule ule kwenye mfuko mweusi, na mtunza vielelezo akasema aliipokea asubuhi kwenye bahasha, hapo pana rufaa. Misokoto yote inafanana. Nani atajua iliyopimwa ndiyo iliyokamatwa? Mashaka hayo ni haki ya mwanao, wala si upendeleo.

Hati ya ukamataji ilipokelewa kama ushahidi lakini hakuna aliyeisoma mahakamani. (Kasulu)

Kasoro kubwa. Tangu kesi ya Robinson Mwanjisi, 2003, utaratibu unajulikana: waraka unapokelewa kwanza, kisha unasomwa. Usiposomwa, mahakama ya rufaa huufuta kwenye kumbukumbu.

Mdogo wangu yupo gereza la Bangwe, hana wakili. Aanzie wapi? (Kibondo)

Kwa mkuu wa gereza, leo hii. Taarifa ya kusudio la rufaa ni ndani ya siku 10 tangu hukumu, rufaa yenyewe siku 45. Siku za kusubiri nakala za mwenendo na hukumu hazihesabiwi. Siku hizo 10 au 45 zikipita, aiombe Mahakama Kuu imwongezee muda, aeleze kilichomchelewesha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawagusa hata wafungwa, aulize hapo hapo gerezani.

Tukishinda, si kesi itaanzishwa upya? (Mwanga)

Mahakama yaweza kuamuru hivyo, lakini si ili Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ipate nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wake. Hilo lilisemwa tangu 1966 katika Fatehali Manji dhidi ya Jamhuri, na linafuatwa hadi leo. Ikiwa tatizo ni ushahidi wa polisi wenyewe, ombeni aachiwe huru.