Mgonjwa Akisema “Nimefahamu”

SWALI: Assalamu alaykum. Mamangu ana umri wa miaka 66, na ni mgonjwa wa presha na sukari. Mwezi uliopita alilazwa siku nne. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alimkabidhi bahasha tatu za dawa, akamweleza harakaharaka, naye mama akajibu, “Nimefahamu, mwanangu.” Asubuhi ya pili nilimkuta anatetemeka, jasho likimtiririka. Bahasha ya dawa ya sukari ilikuwa imeandikwa “1×3”, naye alikuwa amemeza vidonge vitatu kwa pamoja. Tulimpa chai yenye sukari nyingi, tukamkimbiza hospitalini, na alhamdulillahi sasa hajambo. Je, kumfahamisha mgonjwa ni kazi ya daktari au ya muuguzi? Na sisi tuulize vipi bila ya kuonekana kwamba tunawakosoa?
Binti wa Mkomani, Lamu

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Namshukuru Mungu kwamba mama yu salama, na chai ile mliyompa ilikuwa jambo la busara, kwa sababu kutetemeka na kutokwa na jasho baada ya kumeza dawa ya sukari huwa ni dalili za sukari kushuka mno, na mgonjwa ambaye bado anajitambua na aweza kumeza hupewa kitu kitamu papo hapo, kisha akapelekwa hospitalini.

Kazi uliyoiuliza ni ya wote wawili. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yanayoweza kutolewa, pamoja na faida na hatari zake, na inapowezekana afanye hivyo kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Hata hivyo, daktari hupita wodini akaenda zake, ilhali muuguzi ndiye anayempima mgonjwa presha usiku, anayempa dawa mkononi na anayemuaga mlangoni. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na sijapata kuyaona maelezo hayo kuwa ni nyongeza juu ya uuguzi. Ni uuguzi wenyewe.

Tatizo lilianza katika neno lile “nimefahamu”. Kwetu Lamu, mtu mzima hulisema kwa adabu, asimchoshe binti wa watu aliyesimama tangu alfajiri, na pengine kwa kuona haya kukiri kwamba maandishi yamemshinda. Ndiyo maana swali la “Umefahamu?” halimsaidii mtu. Muuguzi amwambie hivi: “Mama, nataka kuhakikisha kwamba nimekueleza vizuri. Ukifika nyumbani, kidonge hiki utakimeza vipi, na saa ngapi?” Mamako angejibu, “Vitatu, asubuhi,” na kosa lingesahihishwa pale pale kitandani. Alama ya “1×3” kwetu sisi wauguzi maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku; kwa mtu aliyesoma hesabu za shule, moja mara tatu ni tatu, na hakukosea hesabu.

Saa nazo hutuponza. Kadi ya kliniki huandikwa “8.00”, mgonjwa akaja saa nane mchana, akakuta foleni ya asubuhi imekwisha na pengine akagombezwa. Muuguzi aandike “saa mbili asubuhi”, na dawa azifungamanishe na chamsha kinywa, chakula cha mchana na chakula cha usiku. Mwezi wa Ramadhani mpangilio huo hubadilika, kwa hiyo mwenye sukari azungumze na wahudumu wake kabla ya mwezi kuandama, wala asijipangie mwenyewe.

Vivyo hivyo katika chakula. Mgonjwa wa presha huambiwa apunguze chumvi, naye kwa moyo safi akaondoa kikopo cha chumvi mezani, huku ng’onda na achari ya embe zikiendelea kuliwa kila siku, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba chumvi imo humo. Muuguzi anayeuliza, “Jana ulikula nini?” hufika mbali kuliko anayesoma orodha. Na anayetoa insulini, dawa ya sukari ya kudungwa sindano ambayo huhifadhiwa mahali pa baridi, aulize kwanza kama nyumbani mna friji. Kama hamna, aonyeshe jinsi ya kuihifadhi kwa ubaridi wa chungu cha udongo kinacholoweshwa maji, maana agizo lisilotekelezeka nyumbani kwa mgonjwa ni sawa na kutoagiza.

Ama kuhusu kuuliza, usiogope. Sema, “Sista, naomba nirudie ulivyosema, unisahihishe nikikosea.” Maneno hayo hayamkosoi mtu. Kisha chukua kalamu, na juu ya kila bahasha uandike kwa herufi kubwa dawa ni ya nini, na inamezwa wakati gani.

SWALI: Mimi ni muuguzi kijana Malindi. Foleni ni ndefu, na kila mgonjwa nampa dakika chache tu. Nitayafanya vipi hayo?

JIBU: Mwanangu, usijaribu kusema yote. Chagua mambo mawili au matatu ambayo mgonjwa akiyakosea ataumia, na hayo ndiyo umwombe ayarudie. Yanayowahusu wengi, kama vile kwamba presha mara nyingi haiumi kichwa na dawa yake haiachwi kwa kuwa mtu anajisikia vizuri, yaseme asubuhi mbele ya benchi lote kabla hujaanza kuita majina. Akija bibi anayezungumza Kigiriama tupu, mtafute mwenzako anayekijua. Usimfanye mjukuu wake mdogo kuwa mkalimani, kwa sababu yapo mambo ambayo bibi hatayataja mbele ya mtoto.