Umtafute Ciri kwanza, au usimame Velen?

Ndugu, umeuliza kama katika The Witcher 3, mchezo wa video wa mwaka 2015 uliotengenezwa Poland, ni afadhali uharakishe kumtafuta Ciri, binti wa kulea wa mhusika mkuu Geralt, au uyafuate kwanza masimulizi ya pembeni. Ushauri wangu ni kwamba usiipite Velen, eneo la vinamasi ndani ya mchezo huo, mbiombio, kwa kuwa hapo ndipo utakapokutana na Baroni, mlevi aliyekuwa akimpiga mkewe Anna; Baroni huyo mchezo haumtetei wala haukuruhusu umchukie kwa wepesi. Utakapoukuta mzimu uliofungwa chini ya mti, tafakari kabla ya kuamua, maana uamuzi huo unagusa hatima ya Anna na ya watoto yatima wa kinamasini, na matokeo yake hayaonekani papo hapo. Mashindano ya farasi, kwa maoni yangu, yanaweza kusubiri.