Fleti ya kujipikia Krete: mchana kula nje, jioni kula nyumbani

Ukipanga fleti yenye jiko kisiwani Krete, Ugiriki, usijipe kazi ya kupika kila mlo eti ubane matumizi. Jiko lenyewe mara nyingi ni la umeme la plate mbili, friji ndogo, na kisu hakikati hata nyanya. Cha kuchemka kwa muda wa saa tatu waachie wenye taverna, migahawa ya kienyeji.

Nenda mchana. Vyakula vya sufuria na oveni, mageirefta, hupikwa asubuhi: nyanya na hoho zilizojazwa wali, bamia kwenye rojo la nyanya, maharage makubwa ya gigantes. Saa nane mchana vimeshakolea. Ukisubiri usiku, vizuri vimekwisha na unabaki na vya kuchoma. Usione haya kuuliza leo kimepikwa nini. Sehemu nyingi watakuonyesha trei zenyewe.

Kwa asiyekula nguruwe, souvlaki (mishikaki) na gyros (nyama ya kuzungushwa motoni na kukatwa vipande vyembamba) kwa kawaida ni za nguruwe, kwa hiyo taja kuku, kotopoulo, na uliza kama vinachomwa pamoja. Nafuu kubwa iko kwenye ladera, mboga na kunde zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni bila nyama. Waorthodoksi hula hivyo siku zao za kufunga, na wamevipika vizazi na vizazi hadi usiitamani nyama.

Samaki wabichi huuzwa kwa kilo. Apimwe mbele yako na uambiwe bei kabla hajaingia jikoni. Mkate unaoletwa bila kuagiza huwa unalipiwa, na usipopewa risiti, sheria ya Ugiriki hailazimishi ulipe.

Jioni ndipo fleti inapopata maana. Kule mjini Chania, Jumamosi asubuhi kuna gulio mtaa wa Minoos, kandokando ya ukuta wa kale wa Waveneti, watu wa Venisi. Nunua ya siku mbili, maana Jumapili maduka mengi hufungwa. Chukua nyanya zilizoiva kabisa, jibini laini ya mizithra, zeituni, na fungu la horta, mboga za majani za mwituni. Hizo unazichemsha kwa chumvi, unachuja, unamwagia mafuta na limau. Basi.

Halafu tengeneza dakos. Chukua paximadi, mkate mkavu wa shayiri, unyunyizie maji kidogo tu. Kwaruza nyanya juu yake pamoja na maji yake yote, weka mizithra, oregano, na mafuta ya zeituni bila ubahili. Uache dakika chache. Juu utalainika, katikati ubaki unalia mdomoni. Ukiwahi kuula ni mgumu kama jiwe, ukichelewa umekuwa uji. Mimi sijawahi kula dakos ya mgahawani iliyoishinda hii ya mezani kwangu, kwa sababu nyanya naichagua mwenyewe.

Wapenda ukali wabebe pilipili zao. Upishi wa Krete hauna makali, na dukani hutapata pilipili kichaa kirahisi.