Komedi ya mapenzi ya leo yenye sura ya sinema za zamani: chagua mwaka kwanza

Wengi wanaotaka kutengeneza komedi ya mapenzi kwa mtindo wa zamani huanza na vitu vinavyoonekana: kofia, simu za waya, magari marefu, rangi ya kahawia iliyomwagwa juu ya picha nzima. Vitu hivyo hufurahisha kwa dakika kumi, kisha mtazamaji huanza kutafuta hadithi. Sura ya sinema za Hollywood ya zamani ilitokana na vizuizi. Kulikuwa na kanuni za maadili zilizokataza mambo, mkanda wa filamu uliohitaji mwanga mwingi mno, kamera nzito na lenzi zenye kasoro. Rudisha vizuizi hivyo kwenye seti yako, na sura itakuja.

Kwa hiyo andika mwaka mmoja kwenye ukurasa wa kwanza wa skripti. "Zamani" peke yake haimsaidii mtu wa mavazi wala mpiga picha. Mwaka 1938 maana yake ni nyeusi na nyeupe, fremu karibu ya mraba, na wapenzi wanaogombana kwa maneno ya haraka. Mwaka 1959 ni rangi kali, fremu pana, maghorofa ya New York, mwanamke mwenye kazi yake na mwanamume asiyetaka kuoa. Kosa linalorudiwa zaidi ni kuchanganya vipindi hivi viwili: mazungumzo ya 1938, gauni la 1959, muziki wa 1965. Mtazamaji huenda asijue tarehe, lakini ataona kwamba ulimwengu wa filamu haushikamani. Down with Love ya 2003, iliyoongozwa na Peyton Reed, inasimama imara kwa sababu hii hasa. Hadithi iko New York ya 1962, inafunguliwa kwa nembo ya CinemaScope, mfumo wa picha pana, na hata Tony Randall, aliyecheza pembeni katika komedi zote tatu za waigizaji Doris Day na Rock Hudson, amepewa nafasi ndani yake.

Mwaka ndio unaochagua uwiano wa fremu, yaani upana wake kwa kimo chake. Uwiano wa 1.37:1 ulikuwa kanuni ya Hollywood tangu 1932. CinemaScope iliingia 1953 ikiwa 2.55:1, na baadaye ikatulia kwenye 2.35:1. Usiamue jambo hili kwenye uhariri. Katika fremu nyembamba nyuso mbili hujaza picha, na ugomvi wowote unakuwa wa karibu hata kama wapenzi hawajagusana. Katika fremu pana kuna nafasi tupu kati yao, na nafasi hiyo ndiyo utakayoichezea: sofa, meza, mlango unaofunguliwa wakati mbaya. Lenzi za mwanzo za CinemaScope zilivimbisha uso ulipopigwa karibu sana, mafundi wakaita kasoro hiyo matubwitubwi. Ndiyo sababu mojawapo waongozaji wa miaka hiyo waliwaonyesha waigizaji kuanzia kiunoni au magotini kwenda juu, wamejipanga kwa upana wa fremu. Ukiwa unaiga miaka ya katikati ya hamsini, weka picha za uso pekee kwa nyakati tatu au nne tu katika filamu nzima. Zitakuwa na uzito ambao filamu za leo, zenye nyuso kubwa kila mahali, zimeupoteza.

Sasa kanuni za maadili, ambazo kwangu ndizo moyo wa kazi yote. Kanuni za Uzalishaji za Hollywood zilianza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 chini ya ofisi ya Joseph Breen, iliyosoma skripti kabla ya upigaji picha, na zikaachwa 1968 ulipoletwa mfumo wa madaraja ya umri. Wapenzi hawakuweza kuonyeshwa kitandani wakifanya lolote, kwa hiyo tamaa ilihamia kwenye maneno, simu, milango na vitu vya nyumbani. Leo hakuna anayekukataza, na hapo ndipo skripti nyingi za kuiga hulegea: wapenzi wakiweza kulala pamoja ukurasa wa thelathini, kinachowatenganisha hadi ukurasa wa mia ni nini? Tengeneza karatasi ya makatazo ya filamu yako. Nusu yake iwe ya kipindi: hakuna matusi, hakuna kitanda cha pamoja, busu ni fupi na huja mara mbili. Nusu nyingine iwe ya hadithi: uongo mmoja ambao mhusika hawezi kuutoboa bila kupoteza kazi, heshima au mapenzi yenyewe. Uongo huo uwe mkubwa kiasi cha kubeba dakika tisini. Kujifanya mtu mwingine unatosha. Kuficha ujumbe mmoja wa simu hautoshi.

Sehemu iliyochakaa katika komedi hizo ni mwisho wake, pale mwanamke anapoacha kila alichojenga ili aolewe. Usiirekebishe kwa sentensi ya kejeli inayomkonyeza mtazamaji wa leo. Irekebishe kwenye mpango wa hadithi: mpe yeye siri, mpe yeye ushindi wa pili, na mwanamume alazimike kubadilika kwa vitendo tunavyoviona. Waigizaji wacheze kwa kuamini kabisa. Mwigizaji akianza kuonyesha kwamba anajua mtindo huu ni wa kizamani, mapenzi yanakufa, na bila mapenzi hakuna komedi ya mapenzi.

Mazungumzo ya kasi yanahitaji kuandikwa kwa namna yake. Mwongozaji Howard Hawks alieleza njia aliyotumia: kila sentensi iongezewe maneno yasiyo na kazi mwanzoni na mwishoni, ili waigizaji wakatishane bila mtazamaji kukosa la maana. Mfano: "Sikiliza, ninachokuambia ni kwamba treni inaondoka saa kumi, kama unanielewa." Katikati ndiko kuna habari, na ncha mbili zinaweza kuzikwa chini ya sauti ya mwenzake. Ukiwaambia waigizaji "semeni haraka" juu ya skripti ya kawaida, watameza habari yenyewe. Hesabu ya kawaida ya ukurasa mmoja wa skripti kwa dakika moja ya filamu pia haifanyi kazi hapa, kwa hiyo isomeni skripti nzima kwa sauti na saa mkononi kabla ya kupanga ratiba. Mazoezi yafanyike na viatu na nguo za ndani za kipindi tangu siku ya kwanza. Vazi linalobana kiuno hubadilisha namna ya kukaa na kuvuta pumzi, na pumzi ndiyo inayoamua kasi ya sentensi.

Mhariri naye aambiwe mapema. Filamu nyingi za Hollywood kati ya 1930 na 1960 zilikuwa na wastani wa sekunde 8 hadi 11 kwa shoti, yaani kipande cha picha kisichokatwa. Kwa filamu ya dakika 100, wastani wa sekunde 10 ni shoti 600, na wastani wa sekunde 4 ni shoti 1,500. Tofauti hiyo haiwezi kutengenezwa baada ya kupiga picha. Kama mwongozaji alipiga kila upande peke yake kwa usalama, mhariri atakatakata kwa sababu hana kingine. Panga shoti ya watu wawili kama shoti kuu, kamera kwenye reli au kreni, na waigizaji ndio wasogee kuelekea lenzi au kuiacha. Kamera ya mkononi na droni zibaki nje ya seti.

Mwanga ni suala la hesabu. Mkanda wa filamu ya rangi wa Eastman uliotolewa 1959 ulikuwa na wepesi wa kushika mwanga wa ASA 50. Kamera ya dijitali yenye ISO 800, ambayo ni kipimo kilekile kwa jina la leo, ina wepesi mara 16 zaidi, na ndiyo maana mafundi wa leo huridhika na dirisha na taa moja laini. Picha ya namna hiyo ni nzuri, lakini haifanani na 1959. Tumia taa kali zenye lenzi ya Fresnel, ile yenye miduara inayokusanya mwanga, zikitoka juu, pamoja na taa ya kujazia karibu na kamera na taa ya nyuma kwenye nywele na mabega. Funga tundu la lenzi hadi f/4 au f/5.6 ili sebule nzima ionekane. Taa kali huleta vivuli ukutani, basi waweke waigizaji angalau mita mbili mbele ya ukuta ili kivuli kiangukie sakafuni, nje ya fremu. Seti ndogo mno ndiyo huharibu jambo hili, wala si taa. Kwa nyeusi na nyeupe, kuna tatizo jingine: gauni jekundu na ukuta wa kijani vinaweza kuwa kijivu kilekile. Geuza skrini ya kuangalizia iwe nyeusi na nyeupe, na jaribu kila nguo mbele ya kila ukuta kabla ya kulipia vitambaa.

Skrini iliyogawanywa ndiyo sahihi ya komedi za kipindi hicho. Katika Pillow Talk ya 1959, mojawapo ya zile tatu za Day na Hudson, wapenzi wanazungumza kwa simu, kila mmoja kwenye beseni lake la kuogea, na nyayo zao zinakutana kwenye mstari wa katikati. Kila mtu yuko nyumbani kwake, kanuni haijavunjwa, na bado wamegusana. Ili mchezo huo ufanye kazi, pande zote mbili zipigwe kwa lenzi ileile, urefu uleule wa kamera, na umbali uleule hadi kwa mwigizaji. Pima kwa utepe na uandike. Macho yaelekee mstarini, kimo kimoja. Njia bora ni kujenga seti mbili bega kwa bega na kupiga kwa kamera mbili kwa wakati mmoja, ili waigizaji wasikilizane kweli. Ukikosa nafasi, piga upande wenye mwigizaji wa kasi zaidi kwanza, kisha mchezeshee mwenzake sauti hiyo sikioni. Usiweke ile sauti nyembamba ya simu: kwa kuwa wote wawili wanaonekana, wote wasikike kamili. Sauti iliyochujwa, kati ya takriban 300 Hz na 3,400 Hz, ibaki kwa shoti inayoonyesha upande mmoja tu.

Mandhari ya nyuma ya gari ni mtego. Zamani picha ya barabara ilirushwa kwenye skrini nyuma ya gari lililosimama studioni. Leo ukuta wa LED, yaani skrini kubwa ya taa ndogo, hufanya kazi hiyo. Barabara ipigwe kamera ikiwa kwenye kimo cha abiria aliyeketi na kwa pembe utakayotumia studioni, la sivyo gari litaonekana linaelea. Punguza kidogo ukali na utofauti wa picha ya nyuma. Ilinganishe kamera na kasi ambayo ukuta hubadilisha picha, usipate mistari. Gari litikiswe kwa ubao uliopenyezwa chini ya bampa, na mtu apitishe tawi mbele ya taa kila sekunde chache. Dereva ageuze usukani tu pale barabara inapopinda.

Muziki ufuate miguu na macho ya wahusika. Ukiwa na bajeti ndogo, klarineti moja na violini moja halisi juu ya okestra ya kompyuta zitaficha mengi. Majina yote makuu ya waigizaji na watengenezaji yaje mwanzoni mwa filamu.

Sauti ya mwisho iwe mono, yaani ya njia moja tu, katikati. Mfumo wa kumbi uliokubaliwa 1938 ulipunguza sauti za juu kwa karibu desibeli 10 kwenye 5 kHz na 18 kwenye 8 kHz. Usinakili kiwango hicho, maana mazungumzo ya kasi hutegemea herufi kama s na t, ambazo ziko huko juu. Anza kushusha taratibu kutoka 6 kHz, kisha sikiliza tukio lenye ugomvi mkali kupitia spika ya simu. Neno lolote litakalopotea, rudisha desibeli mbili na usikilize tena.